Sindano ya pepopunda na bega lililokataa kuinuka: naweza kudai fidia?

Swali: Mimi ni msusi Kayole. Miezi saba iliyopita nilikanyaga msumari nje ya saluni, nikakimbilia kituo cha afya kilicho karibu wakanidunga sindano ya pepopunda bega la kushoto. Nilikuwa nimevaa sweta ya mikono inayobana, kwa hiyo nesi akaivuta shingoni mpaka bega likatokeza. Mimi nilikuwa nimekaa, yeye amesimama, akadunga juu kabisa. Usiku huo sikulala kwa maumivu. Kesho yake mkono haukuinuka. Baada ya wiki mbili nilirudi, wakanipa dawa za maumivu wakasema sindano hiyo huuma, itaisha. Haijaisha. Siwezi kumaliza kichwa kimoja bila kupumzika mara tatu, na wateja wamehama. Binamu yangu aliye Marekani anasema huko watu hulipwa kwa jambo hili hili bila hata kuthibitisha kosa la mtu. Je, na mimi naweza kulipwa? Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, dada. Pole kwa bega, na pole pia kwa kuambiwa "itaisha" na mtu ambaye, kwa maelezo yako, hakuuinua huo mkono aone unafika wapi.

Ndiyo, sheria ya Kenya inakuruhusu kudai fidia. Lakini si kwa njia aliyokusimulia binamu yako, na safari yenyewe ni ndefu kuliko ya kwao. Kesi yako itasimama juu ya mambo mawili: sindano iliingia wapi, na maumivu yalianza lini. Yote mawili yatahitaji kuonekana kwenye kitu ambacho hakimu anaweza kukisoma kwa macho yake. Maneno yako ni ushahidi, lakini yakisimama peke yake mbele ya daktari aliyeletwa na kituo, yatachoka mapema.

Kabla ya hayo, kuna jambo hukuniambia nalo halingoji. Kituo hicho ni cha kaunti au ni cha binafsi? Kama ni cha mtu binafsi, cha kanisa au cha shirika, Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kufungua Kesi, Sura ya 22, inakupa miaka 3 tangu ulipoumia. Lakini kama ni cha serikali, kuna sheria nyingine, Sura ya 39, inayotoa miezi 12 tu kwa madai ya uzembe. Sheria hiyo iliandikwa enzi za mabaraza ya miji, kabla ya kaunti kuzaliwa, na unaweza kubishana kama inazibana kaunti au haizibani. Mimi sitaki mteja wangu ndiye apimiwe ubishi huo. Kituo kikiwa cha umma, hesabu kwamba umebakiwa na miezi mitano, na tafuta wakili mwezi huu. Pia kuna ile ilani ya siku 30 ambayo sheria ya kesi dhidi ya serikali ilitaka itolewe kwanza. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba, lakini barua ni karatasi moja, na ni heri itumwe kuliko ije kuwa kisingizio.

Usitegemee kuomba muda uongezwe. Mlango huo upo, kwa mtu ambaye hakujua mambo ya msingi ya kesi yake. Wewe ulijua bega linauma tangu usiku wa kwanza.

Sasa tuje begani. Shika bega lako la kulia, lile zima. Pitisha kidole juu yake ukitoka shingoni kwenda nje, mpaka mfupa ukome na nyama ianze. Hapo ndipo kwenye ncha ya bega. Kuanzia hapo laza vidole viwili au vitatu kimoja chini ya kingine ukishuka. Chini ya vidole hivyo, katikati ya mkono, msuli wa bega ni mnene, na hapo ndipo sindano ya chanjo inapotakiwa kuingia. Pale juu, karibu na mfupa, mambo ni tofauti. Kuna kifuko chembamba cha majimaji kinachosaidia kano kuteleza mkono unapoinuka. Sindano ikiingia juu mno, dawa inaweza kumwagika ndani ya kifuko hicho au kwenye kano zenyewe. Chanjo imetengenezwa ili iamshe kinga ya mwili. Ikiiamsha ndani ya msuli, unaumwa siku mbili tatu basi. Ikiiamsha ndani ya kiungo, uvimbe unaweza kukaa miezi, na wakati mwingine bega zima huganda.

Madaktari wa Marekani walilipa jeraha hili jina mwaka 2010, kwa kifupi SIRVA. Mtajie daktari wako wa mifupa jina hilo, maana wengine hawakutani nalo mara nyingi na wanaweza kudhani unalalamikia uchungu wa kawaida wa sindano.

Na kuna mambo mawili uliyoyataja kwenye swali lako, labda bila kujua uzito wake: sweta iliyovutwa shingoni, na nesi aliyesimama. Shingo ya nguo ikivutwa chini, kinachotokeza ni sehemu ya juu ya bega peke yake, kwa hiyo mdungaji anaona ngozi kidogo na kudunga pale anapopaona. Na mtu aliyesimama mbele ya mgonjwa aliyekaa, mkono wake unashukia bega kutoka juu. Ndiyo maana wachanjaji hufundishwa wafunue mkono wote, na wakae kama mgonjwa alivyokaa. Andika mambo hayo leo, kwa mkono wako, pamoja na rangi ya sweta na mahali ulipokaa. Kama sweta bado ipo, usiigawe. Ivae mbele ya kioo, umwombe mtu apige picha ya shingo yake inavyofika ikivutwa. Nakwambia kwa dhati, picha hiyo inaweza kumweleza hakimu kuliko kurasa kumi za maelezo yangu.

Binamu yako hakudanganya. Marekani ina mpango wa taifa wa kuwalipa waliodhurika na chanjo, uliotokana na sheria ya mwaka 1986 na ukaanza kazi mwaka 1988. Hela zake zinatoka kwenye kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Jeraha la bega liliingizwa kwenye orodha yake Machi 2017, na chanjo ya pepopunda ni mojawapo ya chanjo zinazohusika. Mtu akionyesha kwamba bega halikuwa na tatizo kabla, kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48, kwamba maumivu na ugumu viko kwenye bega lile lile lililodungwa, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza, hatakiwi tena kuthibitisha nani alikosea. Anatakiwa pia awe ameteseka zaidi ya miezi sita, na afungue madai ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Fidia ya maumivu na mateso peke yake haivuki dola 250,000.

Ila fuko hilo ni la waliochanjwa huko Marekani, pamoja na makundi machache ya Wamarekani walio nje. Sindano ya Kayole haiingii, hata binamu akikujazia fomu. Kuna wakati pia watu walinijia na habari za mpango wa fidia ulioandamana na chanjo za Korona zilizoletwa Kenya kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo, kuanzia Machi 2021. Huo nao ulihusu chanjo hizo za Korona tu, na madhara mazito ya kudumu. Haukugusa pepopunda.

Kwetu hakuna fuko la namna hiyo kwa sindano kama yako, na naamini linapaswa kuwepo. Tunawaomba watu wachanjwe kwa manufaa ya wote, halafu mmoja akiumia tunamwacha apambane peke yake na hospitali yenye bima na mawakili. Hilo linaniuma kila ninapofungua faili kama hili. Lakini mpaka Bunge lifanye kitu, tutembee na sheria iliyopo.

Sheria iliyopo ni ya uzembe. Utatakiwa kuonyesha kwamba kituo kilikuwa na wajibu kwako, na hilo halibishaniwi, ulikuwa mgonjwa wao. Kwamba aliyekudunga alifanya chini ya kiwango cha mhudumu wa kawaida mwenye ujuzi huo, kipimo tulichokirithi kutoka kwa kesi ya Bolam ya Uingereza ya mwaka 1957. Kwamba kosa hilo ndilo lililokuumiza, na kwamba umepata hasara. Si lazima umshtaki nesi peke yake. Mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyoyafanya akiwa kazini, kwa hiyo kituo ndicho kitakuwa mdaiwa wa kwanza. Na kiwango cha kuthibitisha si kile cha kesi ya jinai. Hakimu akiona kwamba huenda ikawa hivyo kuliko isiwe, umefika.

Elewa pia kwamba humshtaki aliyetengeneza dawa. Dawa ilikuwa nzuri, na pengine imekukinga. Tatizo lilikuwa mahali ilipowekwa. Ukichanganya hayo mawili kwenye barua yako, utawapa nafasi ya kuleta wataalamu wa kueleza jinsi chanjo ilivyo salama, na mchana utaisha mkiwa hamjazungumzia bega.

Pingamizi watakalolileta nalijua tayari, na wewe lijue. Watasema: huyu ni msusi, ameshinda na mikono juu miaka yote hiyo, bega limechakaa kwa kazi. Ni hoja nzito kwa sababu wasusi kweli huumia mabega. Inapungua nguvu ukionyesha kwamba hukuwahi kutibiwa bega kabla ya siku ile, kwamba maumivu yalikuja usiku mmoja badala ya kuingia polepole, na kwamba bega lililoumia ndilo lililodungwa. Kama mkono wako wa kazi ni wa kulia, hilo litakusaidia zaidi, kwa sababu kazi ingeanza kuchosha ule wa kulia. Watauliza pia kama una kisukari, kwa kuwa wenye kisukari huganda mabega kuliko wengine hata bila sindano. Kapime sukari sasa, upate karatasi yenye tarehe, majibu yawe vyovyote yatakavyokuwa. Wakili asiyejua udhaifu wa kesi yake huujulia mahakamani, na hapo umechelewa.

Turudi kwenye ile saa 48. Kipimo hicho si sheria ya Kenya, lakini daktari atakayekutolea ushahidi atakitumia, kwa sababu ndicho kinachotenganisha jeraha la sindano na bega linalouma kwa sababu nyingine. Ulirudi kituoni baada ya wiki mbili. Wataliuliza pengo hilo: kama uliumia usiku ule ule, mbona ulikaa? Jibu lako huenda ni lile la kila mtu, kwamba ulidhani itaisha na nauli na hela za dawa zilikuwa shida. Ni jibu la kweli, lakini tutafute kitu kilichoandikwa siku zile.

Fungua WhatsApp. Rudi nyuma mpaka tarehe ya sindano. Msusi ambaye mkono umekataa kuinuka asubuhi lazima aliahirisha mtu. Je, kuna mteja uliyemwandikia "leo sitaweza, mkono unaniuma tangu jana"? Kuna dada yako uliyemtumia sauti? Je, uliuliza kwenye kikundi cha chama au cha kanisa dawa gani ya kuchua ni nzuri? Ujumbe wa aina hiyo, wenye tarehe na saa, ulioandikwa kabla hujafikiria kesi yoyote, una nguvu kuliko kiapo cha leo. Usiufute, usiuhariri, usibadilishe simu kabla hatujauhifadhi. Mahakama inapokea ujumbe wa simu pamoja na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na cheti hicho kukiandaa si kazi kubwa. Kisha toa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Humo kuna malipo ya kituo siku ya sindano, kuna dawa za kuchua ulizonunua wiki ile, na kuna jambo jingine nitakalolifikia kwenye hesabu ya hela.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hivi. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kondakta wa matatu, bega la kulia, hadithi inayofanana na yako karibu neno kwa neno. Alikuwa amekwenda kwa daktari wiki ya kumi na moja. Daktari alimuuliza, "Imekuzidia tangu lini?" Naye, akiwazia usiku alioshindwa hata kujigeuza kitandani, akajibu, "Wiki tatu hivi." Daktari akaandika kwenye kadi: maumivu ya bega, wiki 3. Ni maneno machache kwa kalamu ya buluu. Upande wa pili waliyasoma kwa sauti: ukitoa wiki tatu kwenye kumi na moja, bega lake lilikuwa zima wiki nane baada ya sindano. Alieleza alichomaanisha, na mimi nilimwamini na bado namwamini. Lakini kadi ilikuwa imeandikwa na mtu asiye na upande, na yeye alikuwa anadai hela. Tuliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, mweleze kwa mpangilio: tarehe ya sindano, mkono gani, ilidungwa wapi, saa ngapi maumivu yalianza, nini ulishindwa kufanya kesho yake. Kabla hujatoka chumbani omba kusoma alichoandika. Kama amekosea, mwombe kwa heshima arekebishe hapo hapo. Hakuna daktari wa maana atakayekasirika.

Daktari mwenyewe awe wa mifupa, na mapema. Atapima mkono unainuka nyuzi ngapi mbele na pembeni, unafika wapi mgongoni, na huenda akaagiza ultrasaundi au MRI ione kifuko na kano. MRI si rahisi kwa mfuko wa msusi, nalijua hilo. Ultrasaundi ya mtu mzoefu ni mahali pazuri pa kuanzia kama hela haitoshi. Anza na fiziotherapia pia, usingoje kesi. Sheria inamtaka anayedai apunguze hasara yake pale anapoweza, na mtu aliyekaa miezi bila tiba hukatwa fidia. Zaidi ya hayo, wewe unalihitaji bega lako zaidi ya unavyohitaji hukumu. Bega lililoganda huweza kuchukua mwaka au zaidi kulegea, na kila mwezi wa mazoezi una maana.

Kumbukumbu za kituo ziombe sasa, kwa barua, ukibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya habari unazozihitaji kulinda haki yako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako mwenyewe. Wakikukatalia, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Unachotafuta ni karatasi ya siku ile na daftari la sindano: jina la dawa, namba ya bechi, mkono uliodungwa, jina na sahihi ya aliyedunga. Mara nyingi utakuta wameandika "TT", kifupi cha chanjo ya pepopunda, na tarehe, basi. Usivunjike moyo. Kumbukumbu pungufu ni za aibu kwao kuliko kwako.

Nimeona watu wakikimbilia polisi kuchukua fomu ya P3 kwa jambo kama hili. Huihitaji. Hukupigwa na mtu.

Kuna malalamiko mengine unayoweza kupeleka bila wakili. Kama aliyedunga ni nesi, Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linaloangalia leseni na mwenendo wake. Kama ni daktari, ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo pia linasimamia leseni za vituo. Kama ni afisa wa kliniki, wana baraza lao. Kazi ya mabaraza haya ni nidhamu, usitarajie wakuandikie hundi, lakini wakichunguza na kukuta kosa, matokeo hayo yatatusaidia mahakamani. Na ikibainika aliyekudunga hana leseni yoyote, kesi imebadilika sura kabisa. Mwisho, ripoti dhara lenyewe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hukusanya taarifa za madhara yanayofuata chanjo. Ripoti hiyo haikuletei hela. Lakini kama kuna watu wengine waliodungwa juu hivyo, hiyo ndiyo njia ya serikali kujua, na ninakuomba uifanye kwa ajili yao.

Sasa hela. Fidia huwa mafungu. Fidia maalum ni ile iliyotoka mfukoni: dawa, vipimo, fiziotherapia, nauli. Hii hutajwa kila kitu kwa kiasi chake na kuthibitishwa kwa risiti, na bila risiti mahakama haikupi hata ukilia. Nunua bahasha leo, kila karatasi iingie humo. Gharama za matibabu ya baadaye nazo lazima zidaiwe mwanzoni, kwa barua ya daktari. Fidia ya jumla ni ya maumivu na maisha yaliyopunguka, na hakimu huipima kwa kuangalia kesi zilizotangulia. Kwa bega lenye jeraha la tishu laini ambalo litapona, fikiria malaki ya shilingi, usifikirie mamilioni. Daktari akisema kuna ulemavu wa kudumu wa asilimia fulani, hesabu inapanda.

Halafu kuna kipato ulichopoteza, na hapa wasusi wengi hukata tamaa kwa sababu hawana karatasi ya mshahara. Usikate. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyohusu seremala, ilikataa kabisa dhana kwamba vyeti na hati ndivyo njia pekee ya kuthibitisha kazi na mapato ya mtu. Majaji waliona kufanya hivyo kungewaonea Wakenya wengi wanaoishi kwa kazi za mikono. Na wewe una kitu ambacho seremala yule hakuwa nacho: M-Pesa. Miezi sita kabla ya sindano, pesa za wateja ziliingia kiasi gani? Miezi sita baada yake, kiasi gani? Weka safu mbili kando kwa kando. Ongeza mwenye saluni na mteja mmoja au wawili wa kuja kusema walichokiona.

Kwa mahakama, dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya mwaka 2016 inataja majeraha ya mwili na inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa kesi ya tabibu mimi siipendi sana njia hiyo. Siku 60 ni finyu kwa kugombania ripoti za madaktari, na majaji wametofautiana kuhusu majeraha gani yanafaa kupelekwa pale. Mahakama ya hakimu, Milimani, itakuchukulia muda mrefu zaidi lakini itampa daktari wako nafasi ya kusikilizwa. Kabla ya kufungua, wakili atatuma barua ya madai. Kesi nyingine huishia hapo au kwenye upatanishi wa mahakama, hasa kituo kikiwa na bima na barua ikiwa imeambatanishwa na ripoti ya daktari. Ukipewa ofa, usione aibu kuipokea kama inafidia matibabu na miezi uliyopoteza. Kama mdaiwa ni serikali au kaunti, jua kwamba hata ukishinda huwezi kupeleka dalali akatwae gari lao. Kuna utaratibu wake wa cheti na amri ya Mahakama Kuu, na huchosha.

Wakili akikwambia "usilipe kitu, tutagawana tukishinda," ondoka. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano hayo, na huyo ameanza kwa kuvunja sheria yake mwenyewe. Kubaliana ada kwa maandishi, na hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu. Waepuke mabroka wanaokaa milangoni mwa hospitali wakijiita wasaidizi wa mawakili. Kama huna uwezo, nenda Kituo Cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Na anayethibitisha hana kitu anaweza kuiomba mahakama afungue kesi bila kulipa ada zake.

Jambo la mwisho, nami nakuomba unisikilize kama ndugu. Kinga ya pepopunda haikamiliki kwa sindano moja, na nahisi hukurudi kwa zile zilizofuata. Nakuelewa. Lakini msumari ni msumari, na pepopunda huua. Nenda, uwaulize ratiba yako ikoje sasa. Vaa blauzi isiyo na mikono. Waambie wakudunge mkono wa kulia, mwombe mhudumu avute kiti akae, na kabla hajafungua sindano weka wewe mwenyewe vidole vyako kwenye ncha ya bega, umwonyeshe pale vinapoishia.